Past perfect ya Kiingereza: mwongozo kamili kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Soma sentensi hizi mbili taratibu.

Nilipofika Mbezi, basi liliondoka.
Nilipofika Mbezi, basi lilikuwa limeondoka.

Mkazi yeyote wa Dar es Salaam anajua tofauti yake bila kufundishwa. Katika ya kwanza umefika stendi, basi umelikuta, likatoka ukiliona; pengine na wewe umo ndani. Katika ya pili umekuta sehemu yake iko wazi, na kilichobaki ni kumtafuta mkatisha tiketi mzungumze. Kiingereza nacho kinatenganisha mambo haya mawili:

When I reached Mbezi, the bus left.
When I reached Mbezi, the bus had left.

Hiyo "had left" ndiyo past perfect. Shuleni tunaelezwa kwamba ni "tendo lililotokea kabla ya tendo jingine lililopita". Maelezo hayo ni sahihi, lakini wengi huyakariri, hujibu zoezi vizuri, halafu wanapoandika taarifa ya kazini au barua pepe hawajui waiweke wapi. Kinachokosekana ni pa kuishikia, na Kiswahili kinacho tayari: ni ule muungano wa "-likuwa" na "-me-". Lilikuwa limeondoka, had left. Alikuwa amelipa, had paid. Walikuwa wamesahau, had forgotten. Ukiusikia muungano huo kichwani, mara nyingi past perfect inakuita.

Mara nyingi, si mara zote. Kuna sehemu kadhaa ambapo lugha hizi mbili zinaachana njia, na karibu makosa yote ya wasemaji wa Kiswahili yanatokea hapo. Sehemu hizo ndizo zitakazochukua nafasi kubwa hapa chini.

Inavyoundwa

Ni "had" pamoja na umbo la tatu la kitenzi. "Had" haibadiliki kwa mtu wala kwa idadi: I had, she had, they had. Huna haja ya kuhangaika kama unavyohangaika na "has" na "have".

Kukubali: The ferry had left.
Kukanusha: The ferry had not left, au kwa kufupisha, The ferry hadn't left.
Kuuliza: Had the ferry left?
Kujibu: Yes, it had. No, it hadn't.
Kutendwa: The phone had been stolen.

Usilete "did" hapa. "Did the ferry had left?" na "It didn't had left" ni makosa, kwa sababu "had" yenyewe ni kitenzi kisaidizi. Inajitosheleza katika kukanusha na katika kuuliza.

Umbo la tatu ndilo linalowaangusha wengi. Vitenzi vya kawaida havina shida: worked, opened, finished, umbo la pili na la tatu ni moja. Vilivyo kinyume cha kanuni vinagawanyika.

Vingine umbo la pili na la tatu vinafanana: bought, brought, caught, taught, left, lost, paid, sent, sold, found, told, built. Ukijua la pili umemaliza.

Vingine havibadiliki kabisa: put, cut, hit, cost, shut, let, hurt. "Read" nayo imo humu kwa maandishi, ila ikiwa umbo la pili au la tatu hutamkwa "red".

Kundi la hatari ni lile ambalo umbo la pili na la tatu vinatofautiana, kwa sababu sikio limezoea la pili na ulimi unalikimbilia. Hapo ndipo zinapozaliwa "had went", "had ate", "had saw" na "had took". Sahihi ni had gone, had eaten, had seen, had taken, had written, had spoken, had given, had known, had broken, had forgotten, had stolen, had begun, had drunk. Halafu kuna vitatu ambavyo umbo la tatu linarudi kwenye la kwanza: had come, had become, had run. "Had came" ni kosa linalosikika hata kwa watu wenye shahada.

Njia nzuri ya kuvikariri ni kuacha ule wimbo wa "go, went, gone" usio na sentensi ndani yake. Sema hivi: "I go, I went, I had gone." Ukivizoeza vitenzi hivi vikiwa vimeshikana na "had", siku ya kuhitaji vitatoka vikiwa pamoja. Vitenzi vitano kwa siku vinatosha. Kundi lote la hatari utalimaliza ndani ya wiki chache.

Jihadhari pia na vinavyofanana sura. "Fall, fell, fallen" ni kuanguka, na "feel, felt, felt" ni kuhisi. Kwa hiyo "The wall had felt" haina maana. "Lie, lay, lain" ni kulala au kujilaza, na "lay, laid, laid" ni kuweka kitu chini.

Mambo mawili ya "had" yanawatisha watu bure. La kwanza ni "had had". She had had lunch before the meeting. "Had" ya kwanza ni kisaidizi na ya pili ndiyo kitenzi chenyewe, alikuwa amepata chakula cha mchana. Ni sahihi kabisa, usiifute. La pili ni kifupisho cha 'd. "I'd gone" ni I had gone, lakini "I'd go" ni I would go. Tazama kinachofuata: likija umbo la tatu ni had, likija umbo la kwanza ni would. Kwa vitenzi kama "come" na "put", ambavyo la kwanza na la tatu ni moja, ni maneno ya jirani tu yatakayokuambia.

Katika kusikiliza, ujue kwamba mzungumzaji wa haraka hutamka "had" kwa udhaifu mno. "The bus had left" inaweza kukufikia kama "the bus'd left", na usipokuwa makini hutaisikia kabisa. Kwa kitenzi kama "gone" umbo la tatu litakuamsha. Kwa "left" au "paid" itabidi usikilize vidokezo vingine, kama "already" au "by the time". "Hadn't", kwa upande wake, hutamkwa kwa nguvu na husikika vizuri.

Hakuna past perfect bila nanga

Kosa kubwa kuliko yote si la umbo. Ni kuamini kwamba past perfect ni wakati wa "zamani sana". Ndiyo maana mtu anaandika "I had gone to Kariakoo yesterday" na kuweka nukta. Msomaji anabaki anasubiri: ulikuwa umeenda Kariakoo, halafu ikawaje? Kwa safari ya jana peke yake inatosha "I went to Kariakoo yesterday".

Umbali wa tukio hauhusiki hata kidogo. Sultani Majid wa Zanzibar alifariki mwaka 1870, zaidi ya miaka 150 iliyopita, na Kiingereza chake ni past simple: Sultan Majid died in 1870. Chai uliyokunywa leo asubuhi inaweza kuhitaji past perfect: I had already had tea when you called this morning.

Kinachohitajika ni nanga, yaani wakati fulani uliopita ambapo msimuliaji amesimama na kutazama nyuma zaidi. Mfano wa jiji letu: When the Germans moved their capital from Bagamoyo to Dar es Salaam in 1891, Sultan Majid had been dead for over twenty years. Nanga ni mwaka 1891. Kifo cha mwanzilishi wa mji kinatazamwa kutokea hapo, kwa hiyo kimepata "had". Kifo ni kilekile na tarehe ni ileile. Kilichobadilika ni mahali aliposimama msimuliaji.

Nanga inaweza kuwa kishazi chenye when, before au by the time. Inaweza kuwa tarehe yenye "by": By the end of 2024, trains had started carrying passengers to Dodoma on the new line. Na inaweza kuwa sentensi nzima iliyotangulia: I got home at nine. The power had gone out and the children had gone to bed. Saa tatu usiku ndiyo nanga, ingawa imekaa nyuma ya nukta.

Hatua za kuamua

Unapoandika kisa au taarifa, pitia hivi.

Kwanza, orodhesha matukio yote kwa Kiswahili na uyape namba kwa mpangilio yalivyotokea. Usianze na Kiingereza.

Pili, chagua nanga: masimulizi yako yanaanzia tukio namba ngapi? Taarifa nyingi haziendi kwa mpangilio wa matukio, zinakwenda kwa mpangilio ambao mwandishi aliyaona au aliyagundua.

Tatu, kila tukio linalosonga mbele kutoka kwenye nanga liwe past simple. Kipimo ni "-ka-". Nikaamka, nikaoga, nikapanda mwendokasi: I woke up, had a bath and took the bus. Pale Kiswahili kinapotaka "-ka-", Kiingereza kinataka past simple. Kipimo hiki kinaaminika sana, na ndicho kitakachokuzuia kurundika "had" kila mahali.

Nne, kila tukio linalorudi nyuma ya nanga liwe past perfect. Kipimo ni "-likuwa -me-".

Tano, angalia kama neno jingine limeshaifanya kazi hiyo. "After" na "before" zinaonyesha mpangilio zenyewe, kwa hiyo "After she paid, she left" na "After she had paid, she left" zote zinakubalika. "When" haionyeshi mpangilio, na kwa hiyo ndiyo inayokudai uamue.

Tuone hatua hizi kazini. Hii ni taarifa ya wizi kwenye ghala, ya aina inayoandikwa kila siku kandokando ya Barabara ya Nyerere:

On Monday night the guard heard a noise and went to the back gate. Someone cut the lock. He opened the store and saw that the thieves took six cartons. He called the supervisor, and the thieves left.

Kila kitenzi kimeandikwa bila kosa la umbo, lakini taarifa inamweka mlinzi pabaya. Kwa jinsi ilivyo, mlinzi alifika getini, ndipo mtu akakata kufuli mbele yake. Kisha akampigia msimamizi simu, na wezi wakaondoka baada ya simu, yaani walikuwepo muda wote naye akiwatazama. Ofisa wa bima akisoma hivyo atauliza maswali magumu, na atakuwa na haki.

Kiswahili cha tukio lenyewe ni hiki: mlinzi alisikia kishindo, akaenda geti la nyuma, akakuta kufuli limekatwa, akafungua ghala, akaona wezi wameshachukua katoni sita, akampigia msimamizi, lakini wezi walikuwa wameshaondoka. Matukio yenye "-ka-" yanasonga mbele. Yenye "-me-" yako nyuma ya nanga, ambayo ni kufika kwa mlinzi getini.

On Monday night the guard heard a noise and went to the back gate. Someone had cut the lock. He opened the store and saw that the thieves had taken six cartons. He called the supervisor, but the thieves had already left.

Vitenzi ni vinane, na vilivyobadilika ni vitatu tu. Uwiano huo ni wa kawaida. Ukiona taarifa yako imejaa "had" kila mstari, rudi kwenye hatua ya pili, inawezekana umechagua nanga isiyo sahihi. Na kama masimulizi yanarudi nyuma kwa muda mrefu, aya nzima kwa mfano, waandishi wa Kiingereza hutumia "had" kwenye kitenzi cha kwanza au viwili vya kwanza, kisha huendelea na past simple. Msomaji ameshajua kwamba yuko nyuma.

Mahali Kiswahili kinapokupotosha

"-me-" ya hali. Hapa panahitaji uangalifu kuliko kwingine kote. Kiambishi "-me-" kina kazi mbili: kuonyesha tendo lililokamilika, na kuonyesha hali ambayo mtu yumo. Amelala, amekaa, amesimama, amevaa, amechoka, amebeba, amenyamaza: zote zinaeleza hali iliyopo. Kiingereza hakitumii past perfect kwa hali hizo.

Nilipoingia, mtoto alikuwa amelala. Hii ni When I came in, the child was asleep. Ukiandika "the child had slept", umesema mtoto alishalala akamaliza usingizi wake. Ukitaka kusema usingizi ulishamchukua, ni "had fallen asleep".

Dereva alikuwa amevaa shati jeupe ni The driver was wearing a white shirt. Abiria alikuwa amesimama mlangoni ni The passenger was standing at the door. Daladala lilikuwa limejaa ni The daladala was full. Nilikuwa nimechoka ni I was tired.

Kipimo chake: vuta picha ya dakika ile ya nanga, kisha uliza "yukoje?" au "anafanya nini?" Kama jibu ni "amesimama", "amevaa", "limejaa", tumia was au were. Kama swali la asili ni "nini kilishatokea?", tumia had. Mlango unaweza kujibu maswali yote mawili. The door was locked, hali ya mlango. The door had been locked from outside, kuna mtu aliyeufunga kabla hujafika. Katika taarifa ya polisi hizo ni habari mbili tofauti.

"-ja-" na "kabla". Alikuwa hajafika ni He had not arrived yet. Hapo hakuna tatizo. Tatizo linakuja kwenye "kabla hajafika". Kiswahili kinatumia ukanushi baada ya kabla, Kiingereza hakitumii: We finished before he arrived. "Before he had not arrived" na "before he did not arrive" ni Kiswahili kilichovaa maneno ya Kiingereza. Baada ya before, ondoa "not" bila huruma.

Vishazi vya "-li-" vyenye rejeshi. Alirudi dukani kuchukua simu aliyoisahau. Kiswahili kimeridhika na "-li-" mara mbili, kwa sababu mantiki inatosha: huwezi kurudia kitu ambacho hujakisahau bado. Kiingereza kizuri kinaweka mpangilio wazi: She went back to the shop for the phone she had left there. Vivyo hivyo, I paid back the money I had borrowed. Na sababu nazo hufuata njia hiyo: alichelewa kwa sababu alikosa pantoni, She was late because she had missed the ferry. Ukitumia "missed" tupu hapo hutakuwa umevunja sheria, wenye lugha husema hivyo pia. Katika maandishi rasmi, "had" inasomeka vizuri zaidi.

Maneno ya kuripoti. Alisema amemaliza. Kiswahili kinaacha "-me-" kama ilivyotoka mdomoni mwa msemaji. Kiingereza kinairudisha nyuma hatua moja: He said he had finished. Aliniambia hajawahi kupanda treni: She told me she had never taken the train. Kama maneno ya asili yalikuwa ya past simple, nayo huweza kurudi nyuma: "I paid" inakuwa She said she had paid. Ikiwa tayari yalikuwa na had, yanabaki yalivyo, hakuna nyuma zaidi ya hapo.

Vitenzi vya kugundua na kukumbuka vinafuata kanuni hiyohiyo, na watu huvisahau. Nikagundua nimesahau kitambulisho: I realised I had left my ID at home. Ukiandika "I realised I have left" unachanganya leo na jana.

Muda. Alikuwa na miaka kumi bandarini walipomhamisha. Wengi huandika "He was working at the port for ten years when they transferred him", na hiyo haikai. Muda unapohesabiwa kutoka nyuma mpaka kwenye nanga, tumia had been pamoja na "-ing": He had been working at the port for ten years when they transferred him. Vitenzi vya hali kama know, own na be havichukui "-ing" hapo, vinabaki na umbo la tatu: They had known each other for years. Before the Kigamboni bridge opened in 2016, residents had depended on the ferry.

"-nge-" na "-ngali-". Kiswahili cha vitabuni kinatofautisha: "ningejua" kwa jambo ambalo bado lina nafasi, "ningalijua" kwa lililokwisha kupita. Mitaani Dar es Salaam "-nge-" imemeza zote mbili. "Ungenipigia ningekuja" inaweza kuwa ya kesho au ya jana, na tunaelewana. Kiingereza hakikubali kuchanganya hivyo:

If you called me, I would come. Nafasi ipo.
If you had called me, I would have come. Nafasi imekwisha.

Kwa hiyo kila unapokutana na "-nge-", jiulize kama mlango bado uko wazi. Ukiwa umefungwa, upande wa "if" unapata had na umbo la tatu, na upande wa pili unapata would have na umbo la tatu. Usiweke would upande wa if: "If I would have known" ni kosa katika maandishi rasmi. Wala usiandike "would of", huo ni mlio wa "would've" ulioandikwa vibaya.

Pande mbili si lazima ziwe za wakati mmoja. Angefaulu, sasa hivi angekuwa Mlimani: If she had passed, she would be at the University of Dar es Salaam now. Kufaulu ni kwa zamani, kuwa Mlimani ni kwa sasa. Na "laiti" ina mwenzake: Laiti ningalisoma, I wish I had studied. Katika barua rasmi utakutana pia na mgeuzo usio na "if": Had we received the invoice, we would have paid it.

Maneno yanayoongozana nayo

"Already", "just" na "never" hukaa katikati ya had na umbo la tatu: had already left. Kiswahili chake mara nyingi ni "-mesha-": alikuwa ameshaondoka. "Yet" hupenda kukaa mwisho, pamoja na ukanushi: They hadn't paid yet.

"By the time" ndiyo rafiki mkubwa wa past perfect: By the time the doctor came, the fever had gone down. "Until" hutumika kwa jambo lililosubiriwa likamilike: He didn't leave until he had signed the form, hakuondoka mpaka alipokwisha kusaini.

"It was the first time" hudai had: It was the first time I had flown. Kiswahili kinasema "ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege" bila kitenzi chenye wakati, kwa hiyo hakikukumbushi.

"Had hoped", "had wanted" na "had planned" hubeba maana ya jambo ambalo halikutimia. I had hoped to see you ni "nilitarajia kukuona", na msikilizaji anaelewa kwamba hatukuonana. Ni namna ya heshima ya kueleza masikitiko kazini bila kumlaumu mtu.

Halafu kuna "hardly" na "no sooner", zinazopendwa sana katika mazoezi ya kubadili sentensi. Zikianza sentensi, had inaruka mbele ya mtenda kama katika swali: Hardly had we sat down when the lights went out. No sooner had the train left than it began to rain. Hardly inakwenda na when, no sooner inakwenda na than. Ukizibadilishana, umepoteza alama. Katika mazungumzo ya kawaida huzisikii sana. "As soon as" inatosha.

Pa kuiacha

Tarehe peke yake haileti past perfect. Tanganyika became independent in 1961, basi. Ukisogeza nanga mpaka muungano na Zanzibar, mambo yanabadilika: By April 1964, Tanganyika had been independent for more than two years. Vilevile usiitumie katika wasifu wa kazi kwa kila kazi uliyoiacha. "I worked there from 2015 to 2019" inatosha. "I had worked there" inamfanya msomaji atafute jambo lililofuata.

Jipime

Tafsiri sentensi hizi kwa maandishi kabla ya kutazama majibu.

1. Tulipofika Feri, pantoni ilikuwa imeshaondoka.
2. Alishuka Kimara, akanunua mkate, akaenda nyumbani.
3. Niliingia ofisini nikamkuta bosi amekaa kwenye kiti changu.
4. Tuliondoka kabla mvua haijaanza.
5. Aliniambia hajapokea mshahara.
6. Ungenipigia jana, ningekusubiri.
7. Walikuwa wamesubiri kwa saa mbili daktari alipofika.
8. Nilirudisha ngazi niliyoiazima kwa jirani.

Majibu:

1. When we got to the terminal, the ferry had already left.
2. She got off at Kimara, bought some bread and went home. Zote zinasonga mbele, hakuna had hata moja.
3. I walked into the office and found the boss sitting in my chair. "Amekaa" ni hali. Ukiandika "had sat", umemwinua bosi kabla hujafika.
4. We left before the rain started. Hakuna not.
5. He told me he hadn't received his salary.
6. If you had called me yesterday, I would have waited for you. Neno "jana" ndilo lililofunga mlango.
7. They had been waiting for two hours when the doctor arrived. "Had waited" nayo inapita. "Were waiting for two hours" haipiti.
8. I returned the ladder I had borrowed from my neighbour. Ukiandika "I borrowed" utaeleweka, lakini ukiandika "I had returned the ladder I borrowed" umegeuza mpangilio juu chini: kilichotangulia ni kuazima, si kurudisha.